Mtoto Aliyelijua Garimoshi Kabla Yetu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mlango wa kliniki ukiwa bado umefungwa. Kusimama nikangoja sikuweza. Nilizunguka jengo, nikazunguka tena, mpaka mlinzi akaniuliza, "Binti, umepoteza mbuzi?"

Nikamwambia naitwa Hawa, nimekuja kuanza kazi. Akanitazama kutoka kanga hadi makubadhi. "Basi kaa chini. Kazi haikimbii."

Sikukaa. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu kati ya Ujiji na pwani mpaka mabega yakaota sugu, na mama alizoea kusema damu ile ilipita kwa baba bila kumgusa, ikaja kutua miguuni mwangu. Baba yeye alikuwa mtu wa kukaa: fundi cherehani, baraza lake Gongoni, mjini Tabora, mguu haumtoki kwenye pedali. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na kichwani nilikwisha kupanda garimoshi hadi Kigoma, nimevuka ziwa, nimerudi na gauni jeupe na watu wananiita Sista. Kazi niliyoipata ilikuwa ya yaya wa kliniki ya watoto. Nawaeleza ninyi vijana, maana siku hizi yaya ni mtu wa nyumbani: yaya wa kliniki alipima watoto uzito, aliosha vyombo, na alikalimani Kinyamwezi na Kiswahili kati ya akina mama na wakubwa. Ilikuwa zama za Mwingereza, na wakubwa wangu walikuwa watatu. Bwana Daktari tulimwona siku za ukaguzi tu. Dresa Mkuu, yaani Mwafrika aliyesimamia dawa na vidonda, alivaa kaptula iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Sista alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwenye Kiswahili cha kitabuni.

Hao wawili wa mwisho hawakupatana juu ya jambo moja, nalo ndilo lililonishika maisha yangu yote. Mama akija na mtoto aliyefikia umri wa kusema na hasemi, Dresa Mkuu alimpa dawa ya minyoo na kumwambia, "Mama, kusema ni kazi ya Mungu. Ataongea akipenda." Sista alinyanyua kichwa. "Mtoto asiyesema ana sababu, Dresa. Mungu ametupa midomo ya kuulizia."

"Uliza, Sista. Foleni ni ndefu."

Basi kazi ya kuuliza akanipa mimi, kwa kuwa nilikuwa siwezi kukaa. Akanifundisha kwa vidole. Kidole gumba ni kuzaliwa: mtoto alitimia tumboni au alizaliwa njiti, kabla ya miezi yake? Alilia mara moja, au alitoka kimya akiwa wa buluu wakampigapiga? Ukikunja hicho, unafuata kidole cha homa, na hapo lazima uulize degedege, ule mtukutiko wa viungo unaokuja na homa kali, na umanjano wa macho katika siku za mwanzo. Kidole cha kati, kirefu kuliko vyote, ni masikio. "Masikio mara mbili," alisema Sista, "maana mtoto hasemi asichokisikia." Usaha uliotoka na kukauka na kutoka tena, mama huuona wa kawaida, hautaji mpaka umuulize. Kidole cha pete ni ukoo: nani mwingine alichelewa kusema, nani ana mdomo uliopasuka, nani kiziwi. Kile kidogo cha mwisho nilikidharau. Kilisema: nani anaongea na mtoto huyu?

Nilikidharau mpaka siku tuliyokwenda Ipuli, kwa karani mmoja aliyekuwa na nyumba ya bati na mtoto bubu wa miaka mitatu, mwenye masikio mazima na afya tele. Nilikunja vidole vyote, nikabaki na kile kidogo.

"Nani anaongea naye?"

"Mama yake," akajibu karani. "Lakini nimempiga marufuku Kinyamwezi. Mtoto wangu atasema Kiswahili safi, na akikua, Kiingereza."

Nikamgeukia mama. Alikuwa binti wa shamba, ameletwa mjini na ndoa, Kiswahili chake cha salamu na sokoni. Alinong'ona kwa Kinyamwezi, mumewe akiwa pale pale: "Nikikosea ananicheka. Basi nanyamaza."

Nilimwambia Sista. Sista akamwambia karani, pole pole, neno moja moja kama anayepanga matofali: "Bwana, umefunga kisima, halafu unauliza kwa nini mtoto ana kiu. Mama azungumze lugha aliyonyonyea. Nyingine zitakuja." Karani hakupenda. Lakini tuliporudi baada ya mvua, yule mtoto alitukana kuku wa jirani kwa Kinyamwezi kilichonyooka kabisa, na baba yake akawa anajitia kukasirika huku meno yote yako nje.

Sasa niwapeleke Usoke, maana huko ndiko ninakotaka kufika tangu nilipoanza.

Usoke tulikwenda kwa garimoshi la asubuhi na kurudi na la alasiri lililotoka Kigoma. Kliniki yetu ilikuwa banda la tumbaku kando ya stesheni. Mizani tuliazimwa na mnunuzi wa nta, ile ya ndoana: unaitundika kwenye boriti kwa kamba, chini unafunga mbeleko, mtoto anakaa ndani akining'inia kama asali sokoni. Ilinuka nta, na nyuki waliifuata. Akina mama hawakuacha kunitania. "Binti wa mjini, leo watoto ratili shilingi ngapi?" Mimi nacheka, jasho linanitoka, jicho moja liko kwenye reli.

Ijumaa ile alikuja mke wa kibarua mmoja wa reli, mumewe yuko mbali huko njiani na genge lake. Alikuwa na mapacha wa kike, wanaukaribia mwaka wa nne. Kama mjuavyo, kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto. Doto alikuwa mdomo mtupu: alinisalimu, akaniuliza mume wangu yuko wapi, akaniambia makubadhi yangu mabaya. Kulwa hakusema hata neno. Alikutazama usoni tu, kwa macho yasiyopepesa, akatabasamu ukitabasamu.

Nyuma yao alikuja mama mkwe, Bibi Nyamizi, Mmoraviani wa benchi la mbele kanisani, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Msihangaike na huyu. Ugonjwa wake naujua. Ni kimeo."

Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa ya koo. Wako watu, mpaka leo wapo, wanaoamini kwamba kikirefuka kinaziba maneno, na wako mafundi wanaokikata.

"Fundi anakuja kesho asubuhi," akasema Bibi Nyamizi. "Kijembe chake kikali, mkono mwepesi. Kesho kutwa mjukuu wangu anasema."

Mama Kulwa alikuwa ameushika mkono wa mtoto kama unavyoshika kitu kwenye garimoshi lililojaa watu. Nilikwisha kumwona Tabora mtoto aliyeletwa baada ya kukatwa kimeo. Aliletwa ndani ya kanga ya mamaye, na ile kanga haikuwa na rangi yake tena. Hakurudi kwao.

Nikakunja vidole upesi upesi. Kuzaliwa? Njiti wote wawili, wadogo kama njiwa, lakini Kulwa alilia kwa nguvu. Homa? Mama Kulwa akainamisha kichwa. "Kabla hajajua kukaa alishikwa na homa. Shingo ikakakamaa kama mti. Alilia kilio chembamba, siku nzima kile kile. Tukadhani tumempoteza." Sista akaniangalia. Hiyo ni homa ya uti wa mgongo, na ikimwacha mtoto hai, mara nyingi haiondoki mikono mitupu.

"Masikio?" nikauliza.

Hapo wakacheka wote, hata majirani. "Masikio! Huyu? Huyu analisikia garimoshi kabla yetu! Sisi bado tunangoja filimbi, yeye amekwisha kusimama mlangoni ananyooshea kidole njia."

Nyumba yao, niseme, ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye reli.

Sista alitaka kujionea. Alisimama nyuma ya mapacha waliokaa pamoja sakafuni, akapiga makofi. Doto akageuka, Kulwa akageuka. Akaita jina, akagonga kikombe. Kila mara vichwa viwili viligeuka. Sista akavuta pumzi. "Anasikia," akasema, na nikakikunja kidole kirefu.

Ukoo hauna kiziwi. Kuongea naye, nani asiyeongea naye, na nyumba ile ina Bibi Nyamizi? Vidole vikaisha, na sababu ya kutosha hatukuipata. Bibi Nyamizi akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Si nilisema? Kimeo."

Sista alimwambia kimeo hakizuii maneno. Akamwambia habari ya damu. Bibi akasikiliza kwa adabu yote, kisha akasema, "Wewe mwanangu huna mtoto bubu."

Jua lilikwisha kuinama. Nilikwenda mlangoni kutazama njia, nikarudi, nikaenda tena. Kulwa alikuwa bado hajapimwa. "Mpime haraka," Sista akasema, "garimoshi linakaribia." Nikampakia kwenye mbeleko, miguu inalewalewa hewani, mgongo umeelekea reli. "Mtu mzima huyu mnamning'iniza kama paja la ng'ombe!" akasema Bibi Nyamizi. Doto alikuwa nje, anagombania karanga na wenzake.

Nikaanza kufunga sanduku la dawa. Garimoshi likaingia kwenye kona, filimbi ikalia ile ya kupasua masikio, mama mmoja akaruka, nyuki wakatawanyika, watoto wote wakakimbilia mlangoni wakipiga kelele. Mimi nimeinama juu ya sanduku, nikasikia sauti ya Mama Kulwa, na sikuijua kuwa ni yake, maana tangu asubuhi alikuwa ananong'ona tu.

"Hakugeuka! Jamani, mwanangu hakugeuka!"

Tukamtazama. Kulwa alikuwa anazunguka pole pole kwenye kamba, ameshika ukingo wa mbeleko, anamwangalia nyuki aliyetua kwenye ndoana. Filimbi ikalia tena. Hakupepesa. Mpaka alipozunguka akatuona nyuso zetu, ndipo uso wake nao ukabadilika, akaanza kutafuta tunachokiogopa.

Mkuu wa stesheni akapita anaita, "Abiria wa Tabora! Abiria wa Tabora!" Sanduku liko mkononi mwangu, miguu inataka kwenda. Jingine la abiria lilikuwa la siku nyingine, na Dresa Mkuu angetuuliza.

"Sista, linaondoka!"

"Acha liende," akasema Sista. Akakaa juu ya robota la tumbaku, akaanza kuvua viatu. "Hawa, vua na wewe."

Akina mama wakacheka kumwona Mzungu peku. Yeye alisimama juu ya udongo, akafumba macho, garimoshi lilipoanza kuvuta. Nikavua makubadhi. Na kweli, ulikuja kwanza nyayoni: mtetemo kama wa moyo wa mnyama mkubwa, chini ya ngozi, kabla masikio hayajachagua ni kelele gani.

"Tulimjaribu amekaa sakafuni kando ya ndugu yake," akasema, kama anayejigombeza mwenyewe. "Doto ndiye masikio yake, na ardhi ni sikio lake la pili. Kwenye mizani tumemwondolea vyote viwili, basi."

"Maneno," akasema Bibi Nyamizi.

"Jaribu wewe, bibi," nikamwambia. "Usituamini sisi."

Tukamkalisha Kulwa juu ya marobota, juu sana. Doto tukamwacha nje. Nikampa Bibi Nyamizi debe tupu na mchi, nikamwambia asimame nyuma, asimguse, wala kivuli chake kisimfikie. Alilipiga lile debe kama anayefukuza ngedere shambani. Doto huko nje akaangua kilio. Wavuta tumbaku wa stesheni wakaja kuchungulia. Kulwa alikuwa anachomoa uzi kwenye gunia. Alikuwa amefika mbali, na alionekana kufurahi na uzi wake.

Bibi Nyamizi akapiga tena, si kwa nguvu kama mwanzo. Kisha mchi ukashuka kando ya mguu wake.

"Mimi ninamwita," akasema. "Kila siku ninamwita. Asipokuja ninampiga, nasema ana kiburi."

Mama Kulwa alimpokea debe mkononi, akaliweka chini taratibu.

Tulilala kwao. Asubuhi, kabla ya chai, Kulwa aliinuka jikoni akaenda mlangoni na kunyoosha kidole. Bibi Nyamizi aliviacha viatu vyake, akakanyaga udongo na kuinama kama mtu anayesikiliza siri. Alikaa vile mpaka garimoshi la mizigo lilipofika na kupita. Ndipo akaniambia kwa sauti ndogo nisiyodhani anayo, "Ni kweli. Linaanzia miguuni."

Fundi wa kimeo alifika na mkoba wake, mzee msafi, mpole, mwenye haraka ya kwenda kijiji kingine. Ningependa kuwaambia nilimkemea. Nilisimama tu kati yake na mtoto, sijui niweke wapi mikono.

"Yuko wapi wa kimeo?" akauliza.

"Koo lake halijafungwa, fundi," akasema Bibi Nyamizi. "Ni masikio. Masikio unayaweza?"

"Siyawezi, mayu," akajibu, yaani mama kwa Kinyamwezi.

"Basi kula ugali, uende salama."

Akala, akasifu asali, akaenda. Nikatoka nje nikakimbia kandokando ya reli bila sababu, mpaka pumzi ikanikatika.

Tulirudi Tabora pamoja na Kulwa na mama yake. Dresa Mkuu alitungojea kwa maneno, lakini Sista alimkalisha Kulwa juu ya meza ya dawa na kuangusha sinia nyuma yake. Dresa Mkuu aliruka, Kulwa hakuruka. Dresa akaokota sinia, akalifuta, akasema, "Hili la masikio nifundishe na mimi." Tangu siku hiyo kila mtoto asiyesema tulimpima yuko peke yake, miguu haigusi chini, kwenye mizani ya ndoana. Bwana Daktari alimulika masikio ya Kulwa akakuta hayana usaha wala tundu. Ile homa iliua mshipa wa ndani. Dawa hakuna, akasema, na nikakalimani neno hilo kwa Mama Kulwa, na sijawahi kukalimani neno zito kuliko hilo. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Sasa nimwite vipi?"

Aliyejibu ni Bibi Nyamizi, siku tuliporudi Usoke. Alichukua mchi, akagonga sakafu ya udongo. Kulwa, aliyekuwa amempa mgongo, akageuka, akacheka. Nyumba nzima ikajifunza: mchi mara moja njoo, mchi mara mbili chakula. Mikono nayo ikapata maneno, ya asali, ya mvua, ya baba amerudi, na mengine ya matusi ambayo Doto aliyabuni. Alipokua, nilimwomba baba yangu amfundishe cherehani. Baba alisema, "Huyu hasikii masengenyo, atamaliza nguo kabla ya wote." Na cherehani husemea mikononi: sindano ikikwaruza Kulwa aliijua kabla ya fundi wake.

Mimi niliendelea na kazi ile hadi bendera ikabadilika, na miaka mingi baadaye, hadi nikastaafu. Kigoma nilifika. Ziwa nililiona, nikaingia hadi magotini, nikarudi. Gauni jeupe nilipewa na lilinibana makwapani. Ninyi mnaopokea akina mama leo mna vyombo tusivyoviota, nami nawaonea wivu mzuri. Lakini bado uliza alivyozaliwa, uliza homa, uliza usaha, uliza wa ukoo wake na nani anamsemesha. Na wakikuambia anasikia, mnyanyue kwanza miguu.

Nami sasa masikio yamechoka. Wajukuu wanaita, najibu wakiisha kukasirika. Ila Kulwa, ambaye ana baraza lake la cherehani huku mjini, akija kunitazama hapotezi muda kubisha hodi. Anaingia, ananikuta nimempa mgongo, namenya viazi, miguu yangu haitulii hata nikiwa nimekaa. Anakanyaga sakafu kwa kisigino mara moja.

Nami nageuka.